MEKATILILI WA MENZA: MAISHA YA MZEE YALIYOTUNZWA NA WAZEE

Utangulizi

Katika masomo yetu ya fasihi tumezoea kuyagawa masimulizi ya maisha katika mafungu mawili: wasifu, ambao mtu huuandika kuhusu maisha ya mwenzake, na tawasifu, ambayo mtu huandika kuhusu maisha yake mwenyewe. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani. Hata hivyo, umejengwa juu ya dhana kwamba maisha ya mtu huingia katika fasihi pale tu yanapoandikwa. Je, tuyaweke katika fungu gani maisha ya mtu ambaye hakuacha hata ukurasa mmoja, ambaye ripoti nyingi za wakati wake zinazomtaja ziliandikwa na watu waliomkamata, na ambaye sauti yake imetufikia kwa vinywa vya wazee?

Mtu huyo ni Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuupinga utawala wa Waingereza katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi. Mwanafunzi wa Kenya hulikuta jina lake katika vitabu vya historia, aghalabu katika aya moja au mbili. Makala haya yananuia kuyaeleza maisha yake kwa urefu zaidi, na papo hapo kuonyesha jambo ambalo aya hizo hulipita: kwamba Mekatilili alikuwa mzee aliyeyageuza maisha yake mwenyewe kuwa hoja mbele ya umma, na kwamba maisha hayo yametufikia kwa sababu wazee wengine waliyasimulia baada yake. Mwisho wa makala tutatazama hali ya wasimulizi hao, kwa maana haiwezekani kuisifu hadithi na kumsahau mwenye kuisimulia.

Kuzaliwa na malezi

Mekatilili alizaliwa katika sehemu za Bamba, Ganze, mahali panapotajwa kwa jina la Mtsara wa Tsatsu. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Makadirio yanayotolewa huanzia miaka ya 1840 hadi miaka ya 1860, na hivyo mwaka 1913, alipojitokeza mbele ya umma, alikuwa na umri wa kati ya miaka hamsini na sabini hivi. Jambo hili lina uzito. Tumezoea kumwona shujaa wa kisakale akiwa kijana mwenye misuli, mithili ya Fumo Liyongo. Shujaa wa Wagiriama alikuwa mama mtu mzima aliyekwisha kuolewa, kuzaa na kufiwa na mume.

Jina alilopewa alipozaliwa ni Mnyazi. Menza ni jina la baba yake. Alipoolewa na Dyeka na kuhamia Langobaya, upande wa Malindi, alimzaa mtoto aliyeitwa Katilili. Kwa desturi ya Kigiriama, mama huitwa kwa jina la mtoto wake, na kiambishi me- hubeba maana ya mama wa fulani. Kwa hiyo Mekatilili ni mama yake Katilili. Jina lenyewe ni wasifu mfupi: linatueleza kwamba mwanamke huyu alijulikana kwa umma kama mama kabla ya kujulikana kama kiongozi. Tutaona kwamba umama huo ndio aliokuja kuutumia kama msingi wa siasa yake.

Masimulizi yanasema kwamba alikuwa binti wa pekee miongoni mwa watoto watano. Mmoja wa kaka zake, Mwarandu, alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa katika soko la Kilifi, akapelekwa asikojulikana, na hakurudi tena. Tukio hilo hurudiwa karibu katika kila simulizi ya maisha yake. Wazee huliweka mwanzoni, nalo hufanya kazi ya mzizi: yote anayoyatenda baadaye huchipuka hapo. Biashara ya watumwa katika pwani yetu ilipigwa marufuku kisheria mwaka 1873, ila mtu aliyeondokewa na ndugu yake hakurudishiwa ndugu kwa tangazo la sheria. Mekatilili alizeeka akiwa na kumbukumbu hiyo.

Hali ya Wagiriama mwanzoni mwa karne ya 20

Ili kuelewa kwa nini kumbukumbu ya mtu mmoja iligeuka kuwa sauti ya umma, hatuna budi kutazama hali ilivyokuwa. Wagiriama ni mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda. Hapo kale waliishi ndani ya Kaya Fungo, makao yaliyozungukwa na msitu katika sehemu za Kaloleni, wakitawaliwa na baraza la wazee lililoitwa kambi. Katika karne ya 19 watu walitoka kayani hatua kwa hatua wakitafuta ardhi na malisho, hata wengine wakafika Mto Sabaki na kuvuka ng'ambo ya pili, ambako ardhi ilikuwa na rutuba. Walilima mahindi na nafaka nyingine, wakawauzia watu wa miji ya pwani. Hawakuwa maskini waliokuwa wakisubiri ajira.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na haja tofauti. Mashamba makubwa ya walowezi wa pwani na kazi za ujenzi Mombasa zilihitaji vibarua. Kodi ya nyumba ilitozwa ili, pamoja na kuipa serikali fedha, iwasukume vijana kutafuta mshahara. Wakuu wa vijiji waliteuliwa, nao wakadaiwa kukusanya kodi na kutoa wafanyakazi, na kwa njia hiyo mamlaka ya wazee wa kambi yakawekwa kando. Mwaka 1912 afisa aitwaye Arthur Champion alipewa jukumu la kuwatawala Wagiriama kwa karibu zaidi. Aidha, kulikuwa na mpango wa kuwahamisha waliokuwa ng'ambo ya Sabaki ili warudi kusini ya mto, mahali ambapo wangepatikana kwa kodi na kwa kazi.

Kwa macho ya serikali, hizo zilikuwa hatua za kawaida za utawala. Kwa macho ya mama aliyemwona kaka yake akichukuliwa sokoni, kuwachukua vijana kwa nguvu na kuwapeleka mbali kulikuwa jambo alilolijua tangu utotoni.

Mwaka 1913: mzee anasimama kusimulia

Katika jamii ya Wagiriama ya wakati huo, baraza lilikuwa la wanaume. Mjane hata hivyo alikuwa na nafasi fulani: hakuwa na mume wa kumzuia kutembea wala kusema. Mekatilili aliitumia nafasi hiyo. Alipita kijiji baada ya kijiji, na mahali alipofika alicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu wakikusanyika kuitazama, alianza kuzungumza nao.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua hapa ufundi wa fanani. Kifudu ni ngoma ya kuomboleza. Kuicheza mahali ambapo hapajafiwa na mtu ni kuitangazia hadhira kwamba msiba upo, ila bado haujaonekana. Ngoma ilimtayarishia msikilizaji hali ya moyo, kisha maneno yakafuata. Aliyoyasema, kwa mujibu wa masimulizi, yalihusu vijana wanaochukuliwa, mamlaka ya wazee yaliyovunjwa, na desturi za kaya zilizopuuzwa. Aliwakumbusha pia watu utabiri wa Mepoho, nabii wa kike wa Wagiriama, ambaye husimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa wageni wenye nywele mithili ya nyuzi za katani na kuharibika kwa nchi baada yao. Kwa namna hii Mekatilili aliunganisha kumbukumbu ya familia yake na kumbukumbu ya jamii nzima, moja ikawa ushahidi wa nyingine.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni kile cha kuku. Mwezi Agosti 1913 Champion aliitisha mkutano ili kudai vijana wa kwenda kazini. Mekatilili alifika akiwa na kuku na vifaranga vyake, akamtaka afisa ajaribu kukichukua kifaranga kimoja. Afisa aliponyoosha mkono, kuku alimdonoa. Mekatilili akaieleza maana mbele ya watu wote: hayo ndiyo yatakayompata mtu atakayejaribu kuwachukua watoto wa Wagiriama. Kuanzia hapo wasimulizi hutofautiana. Wengine husema afisa alimpiga kuku risasi. Wengine husema Mekatilili alimzaba afisa kofi. Wengine huyasimulia yote mawili.

Mtafiti wa historia atataka kujua ni simulizi ipi iliyo sahihi, na ana haki ya kuuliza. Sisi wa fasihi tuna swali jingine la kujiuliza: kwa nini kisa hiki ndicho kilichodumu? Kimedumu kwa sababu kinalibeba jina lake lote. Mama Katilili alisimama mbele ya serikali akiwa na kuku anayewalinda wanawe, na hapakuwa na haja ya mkalimani. Mtoto wa miaka mitano alikielewa, naye akaweza kukisimulia tena akiwa na miaka sabini.

Viapo vya kaya

Kutoka vijijini Mekatilili aliwaita watu warudi Kaya Fungo. Wakati huo kaya haikuwa tena makao ya watu wengi, hivyo kuwaita huko kulikuwa kuwarudisha kwenye chimbuko la masimulizi yao wenyewe. Katika mkusanyiko huo viapo viwili vilitolewa: mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Watu walikula kiapo kwamba hawangetoa vijana, hawangelipa kodi, wala hawangeshirikiana na wakuu walioteuliwa na serikali. Kiapo kilikuwa na nguvu kuliko amri, kwani kilichoogopwa hapo ni laana ya kaya, na laana hiyo haikuwa na mahabusu wala faini ya kuikomboa.

Shughuli za serikali zilikwama. Wakuu walishindwa kutoa vibarua, na wengine wao walikuwa wamekula kiapo hichohicho. Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, aliyekuwa mshirika wake mkubwa, wakahukumiwa kuzuiliwa mbali na kwao kwa miaka mitano. Walipelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, karibu na Ziwa Viktoria.

Uhamisho, safari na vita

Kuwapeleka wazee wawili mahali ambapo hakuna anayejua lugha yao kulikuwa na lengo la kuwanyamazisha. Msimulizi bila hadhira hana nguvu. Lengo hilo halikutimia. Katikati ya Januari 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka, wakaanza safari ya kurudi pwani kwa miguu, mamia ya kilomita, wakipita nyanda na misitu ya watu wasiowajua. Kilichotokea njiani kimeachiwa wazee wakisimulie, na motifu ya safari imepata hapo mojawapo ya mifano yake mikubwa katika fasihi simulizi ya Kenya. Wanyama wakali, njaa na giza vyote vimo. La msingi ni kwamba walifika, na kufika kwao kulikuwa ujumbe tosha kwa Wagiriama.

Serikali ilijibu kwa kuishambulia kaya. Tarehe 4 Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Siku hiyohiyo Uingereza iliingia katika vita dhidi ya Ujerumani, na haja ya wapagazi wa jeshi ikazidisha haja ya vibarua. Mwezi huohuo Mekatilili na Wanje walikamatwa tena na kuhamishwa. Kuhusu alikopelekwa mara hii, masimulizi mengine hutaja Kismayu, mji ambao leo uko Somalia lakini wakati huo ulikuwa chini ya Waingereza.

Vita vilivyofuata havikuwa vya muda mrefu, ila viliumiza. Wagiriama walikuwa na mishale. Askari wa King's African Rifles walikuwa na bunduki. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, mbuzi wakatekwa. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000, kutoa vibarua 1,000, na kuihama ardhi ya kaskazini ya Sabaki. Ikumbukwe kwamba yote haya yaliangukia jamii ya wakulima ambayo miaka michache tu kabla ya hapo ilikuwa ikiilisha miji ya pwani. Kufukuzwa ng'ambo ya mto kulileta njaa, na hatimaye serikali yenyewe ikalazimika kuwaruhusu watu kurejea huko na kuutambua tena umuhimu wa wazee wa kaya.

Kurejea na kufariki

Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliachiliwa, wakarudi nyumbani. Waliishi kayani wakiwa na heshima ya viongozi: Wanje upande wa wanaume na Mekatilili upande wa wanawake. Miaka hiyo ya mwisho husimuliwa kwa ufupi, na pengine ndiyo tunayopaswa kuitafakari zaidi. Mwanamke aliyeanza kwa kupita vijijini akicheza ngoma ya matanga alimaliza akiwa mzee wa kaya ambaye vijana humwendea kumsikiliza.

Mekatilili alifariki katikati ya miaka ya 1920. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1924. Alizikwa Bungale, katika eneo la Magarini, kaskazini ya Mto Sabaki. Ardhi ambayo serikali ilitaka watu wake waihame ndiyo iliyompokea.

Wazee kama watunzi wa maisha haya

Baada ya kifo chake, maisha ya Mekatilili yaliendelea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni nyaraka za serikali. Hizo zina tarehe, majina na takwimu za faini, na bila hizo tusingejua siku aliyokamatwa. Lakini ni nyaraka za watu waliokuwa na sababu ya kumwona kama mchochezi. Njia ya pili ni masimulizi ya wazee. Humo ndimo tunamopata kaka aliyepotea sokoni, ngoma ya kifudu, kuku na vifaranga. Nyaraka hueleza alivyozuiwa. Ukitaka kujua kwa nini watu walimfuata, huna budi kuwaendea wazee.

Njia hizi mbili zilikutanishwa katika utafiti wa Cynthia Brantley, mwanahistoria aliyewahoji wazee wa Kigiriama mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1981. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka minane kaya ilipolipuliwa alikuwa na miaka 64 mwaka 1970. Kwa maneno mengine, baadhi ya wahojiwa wa miaka hiyo wangeweza kusema juu ya mambo waliyoyaona kwa macho yao. Kizazi hicho kimekwisha. Laiti mtafiti angechelewa miaka ishirini, angekuta wajukuu tu.

Hapa inafaa tukumbuke alichokifanya Ebrahim Hussein katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Aliichukua historia ya Vita vya Majimaji, akaigeuza kuwa fasihi ya Kiswahili inayosomwa kote Afrika Mashariki. Maisha ya Mekatilili yana utajiri usiopungua ule: kaka aliyepotea, kiapo, usaliti, safari, vita na kurejea. Utajiri huo hautoki katika makavazi pekee.

Kumbukumbu yake imepata pia heshima za hadharani. Chama cha utamaduni cha Malindi, kijulikanacho kwa kifupi cha MADCA, kimekuwa kikiandaa sherehe za kumkumbuka. Tarehe 20 Oktoba 2010, katika Sikukuu ya Mashujaa ya kwanza baada ya Katiba mpya, sanamu yake iliwekwa katika bustani mjini Malindi, na bustani hiyo ikaitwa kwa jina lake. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, Kaya Fungo ikiwamo, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mwaka 2009 mila zinazoambatana na kaya hizo ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Dharura hiyo ina sura moja inayotisha. Kwa miaka mingi sasa, katika vijiji vya Kilifi, wazee wamekuwa wakishambuliwa na hata kuuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kuna ugomvi wa mashamba: mzee akiondoka, ardhi hugawanywa. Mvi, ambazo zamani zilikuwa sababu ya kijana kumwachia mtu kiti, zimekuwa ushahidi dhidi ya mwenye nazo. Huko Ganze, sehemu ileile alikozaliwa Mekatilili, wazee waliofukuzwa makwao wamepata hifadhi Kaya Godoma, chini ya uangalizi wa watu wa chama hichohicho cha utamaduni. Wanaishi hapo pamoja, watu ambao kila mmoja ana maisha ya kusimulia na ambao wengi wao hawana tena mjukuu karibu wa kuwasikiliza.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Mjini kuna sanamu ya mwanamke mzee aliyewatetea watoto wa jamii yake wasichukuliwe. Vijijini kuna wazee wanaowakimbia watoto wa jamii hiyohiyo. Iwapo Mekatilili angekuwa hai leo, mjane mwenye mvi, mtembezi, mwenye kauli kali na mwenye kuapisha watu usiku kayani, si vigumu kukisia angeitwa nani.

Hitimisho

Makala haya yameeleza maisha ya Mekatilili wa Menza tangu utotoni Ganze hadi kaburini Bungale. Tumeona kwamba silaha yake kubwa ilikuwa masimulizi: aliyachukua yaliyompata, akayaunganisha na yaliyokuwa yakiwapata wote, akayasema mbele ya watu. Tumeona pia kwamba maisha yake yamedumu kwa sababu walikuwapo wazee wa kuyasimulia na vijana waliokubali kuketi na kusikiliza.

Wajibu wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili uko wazi. Tasnifu nyingi tunazoandika kuhusu fasihi simulizi hutegemea vitabu vya waliotutangulia, ilhali wenye masimulizi wangali hai umbali wa nauli ya matatu. Tunapokwenda nyanjani tusiwaendee wazee kutafuta ngano na methali pekee. Tuwaulize pia maisha yao wenyewe: walizaliwa wapi, walimpoteza nani, walivuka mto gani. Tuyaandike kwa majina wanayoridhia na kwa lugha wanayoitumia, kisha tuwarudishie wayasikie kabla hatujayapeleka kwa wasimamizi wetu. Mzee ambaye maisha yake yameandikwa na kusomwa mbele ya wajukuu zake si rahisi kugeuzwa mgeni katika boma lake mwenyewe.